Maji ya Ng'ombe Wako Yanatoka Msituni

Ndugu mkulima wa Kinangop, Kipipiri na Ndaragwa, ukisimama asubuhi mlangoni kwako na kuitazama milima ya Nyandarua, waona nini? Wengine huona kuni na mbao tu. Wengine huona shamba ambalo halijalimwa. Yafaa uone tangi la maji.

Mvua inyeshapo msituni, majani ya miti huipunguza nguvu, nayo mboji na mizizi hunyonya maji na kuyaachilia polepole katika chemchemi. Kwa hiyo mto huwa na maji hata mwezi wa Februari. Mahali palipokatwa miti, mvua ile ile huteremka mbio na kuchukua udongo. Mwezi wa Aprili mto ni mwekundu. Kiangazi kikija, ni mawe matupu.

Fanya hesabu. Ng'ombe wa gredi anayekamwa huhitaji kama madebe 3 ya maji kwa siku. Ukiwa na ng'ombe 4, ni madebe 12. Mto ukikauka, nani atayabeba kila siku?

Wala si sisi peke yetu. Mto Malewa huteremka kutoka milima hii hadi ziwa la Naivasha. Chania na Thika huwapa maji watu wa Nairobi. Mbuga ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1950 huleta wageni kutazama tembo, bongo na maporomoko ya Karuru yenye kimo cha mita 273. Wapeleke watoto wako pia wakati wa likizo, wajue mali yao.

Ua wa umeme uliomalizika mwaka 2009 huwazuia tembo wasile viazi vyetu. Lakini waya haumzuii mtu mwenye shoka. Basi tufanye haya:

1. Panda miti yako ya kuni mpakani mwa shamba, mvua ndefu zinapoanza.

2. Usilime mpaka ukingoni mwa mto, wala usipande mikaratusi hapo, maana hunywa maji mengi. Panda mianzi au miti ya asili.

3. Tangu sheria ya mwaka 2005, wenyeji wana nafasi ya kuunda vyama vya kutunza msitu pamoja na serikali. Jiunge, upate kuni na majani kwa ruhusa, si kwa kujificha.

Na ukiona moshi wa tanuru ya makaa msituni, usiseme, "Hayanihusu." Ni maji ya ng'ombe wako yanayoungua.