Mhunzi wa Kando ya Mnada na Thamani ya Kazi Yake

Wakazi wengi wa Mbulu na Hanang wamewahi kununua bangili ya shaba au ya alumini kwa mhunzi wa Kidatoga aliyeketi kando ya njia. Wachache wamesimama kutazama inavyotengenezwa. Wanaosimama hugundua jambo moja: fundi huyo hana haraka.

Malighafi yake ni vitu chakavu, kama vile kufuli bovu, koki ya maji iliyokatika au sufuria iliyotoboka. Kila madini huwekwa peke yake katika chungu kidogo juu ya mkaa, na mvukuto wa ngozi hupuliza moto. Mvukuto unahitaji mkono wenye mapigo yasiyobadilika, kwani moto ukilegea madini huganda kabla ya kumiminwa, na kazi yote huanza upya. Yakishayeyuka humiminwa katika kalibu, yakatoka kama ufito mfupi. Ufito huo hupigwa nyundo, hurudishwa motoni, kisha hupigwa tena hadi ukubali kupinda bila kupasuka.

Kazi ya nakshi huja mwisho, nayo ndiyo inayokula muda. Fundi asiyeridhika na mstari aliouchora huufuta kwa tupa akachora mwingine, ingawa mnunuzi asingeiona kasoro hiyo. Muda huo haumo katika bei. Fundi huutoa kwa sababu anaipenda kazi yenyewe, na hilo ni vyema likumbukwe na mwenye kutaka kupunguziwa nusu ya bei.

Heshima ya wahunzi haikuwa kubwa siku zote. Miongoni mwa Wadatoga walikuwa ukoo wa pekee, wakioana wao kwa wao. Jamii ilihitaji mikuki na bangili zao lakini haikuoa kwao. Hata hivyo kazi yao iliunganisha watu wa lugha mbalimbali: Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wamekuwa wakipata kwao vichwa vya mishale vilivyofuliwa kwa misumari, wakilipa kwa asali na ngozi.

Leo ushindani unatoka kwingine. Bangili za kiwandani huuzwa meza ya pili kwa bei ndogo, na kijana wa mhunzi huona ni afadhali auze hizo kuliko kujifunza mvukuto.

Kisheria, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa Aprili 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Wahunzi wengi hufanya kazi mmoja mmoja, ilhali kwa wanawake na vijana mkopo hutolewa kwa kikundi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujiunga, kisha kuonana na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Mkopo wa kununulia tupa, nyundo na mkaa humwacha mhunzi akiwa mhunzi. Wa kununulia bangili za kiwandani humgeuza mchuuzi.

Anayehitaji nafasi mnadani amwone Mtendaji wa Kata kabla ya siku ya mnada, kwa kuwa moto wa mkaa haufai kukaribiana na meza za nguo wala majani ya mifugo.