Nyaya za Mtandao Ndani ya Kuta

Utandazaji wa nyaya kwa mpango ni utaratibu wa kuunganisha kila chumba cha jengo na kituo kimoja kwa nyaya za aina moja, zilizopimwa na kupewa namba, bila kujali kitakachochomekwa mwishoni. Soketi iliyoko ukutani inaweza kuhudumia kompyuta leo, simu ya mezani mwakani, na baadaye kamera ya ulinzi. Kifaa hubadilika, ukuta hauguswi.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani kila mfumo ulikuja na nyaya zake: simu zake, kompyuta zake, kengele ya wezi zake. Mtandao wa Ethernet, uliobuniwa na Robert Metcalfe na David Boggs katika kituo cha utafiti cha Xerox huko California mwaka 1973, ulitumia kebo moja iliyopita jengo zima, na mashine zote zikadandia hapo. Kebo ikikatika mahali pamoja, ofisi nzima ilikosa mawasiliano. Suluhisho lilitoka kwenye teknolojia ya simu, yaani jozi ya nyaya za shaba zilizosokotwa, ambayo Alexander Graham Bell aliipatia hataza mwaka 1881. Mwaka 1990 kanuni za Ethernet ziliruhusu rasmi matumizi ya nyaya hizo, kila mashine ikawa na waya wake hadi kituoni. Mwaka uliofuata Marekani ikatoa kiwango cha kwanza cha utandazaji, EIA/TIA-568, na mwaka 1995 kikafuata cha kimataifa, ISO/IEC 11801.

Msokoto huo ndio siri ya kazi yote. Umeme wa taa, mota na mashine nyingine hupenyeza kelele katika kila waya ulio karibu. Nyaya mbili zikisokotwa pamoja hupata kelele ileile kwa kiasi karibu sawa, na kifaa kinachopokea husoma tofauti kati ya nyaya hizo mbili tu, hivyo kelele hujifuta yenyewe. Kebo ya mtandao ina jozi nne za namna hiyo: ya rangi ya chungwa, kijani, buluu na kahawia, na kila jozi imesokotwa kwa kiwango chake ili zisivurugane. Kwa hiyo fundi anapofunga ncha hatakiwi kufungua msokoto zaidi ya milimita 13 hivi. Wengi hufungua sentimita nne au tano kwa kuwa kazi huwa rahisi zaidi. Mtandao utawaka, taa zitamulika, lakini kasi itapotea na mwenye nyumba atailaumu kampuni ya intaneti. Mpangilio wa rangi nao una njia mbili zinazokubalika, A na B. Yoyote inafaa, ilimradi ncha zote mbili zifuate njia moja.

Kituo chenyewe huwa ni kabati la chuma, ambalo mafundi huliita raki. Humo nyaya zote za ukutani huishia nyuma ya paneli yenye matundu, na vipande vifupi vya kebo huunganisha matundu hayo na swichi, yaani kifaa kinachounganisha mashine zote za mtandao. Waya wa ukutani hautakiwi kuzidi mita 90. Ukijumlisha vipande vya ncha zote mbili, njia nzima isizidi mita 100.

Ubora wa kebo huandikwa kwenye ganda lake. Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde, na kwa nyumba nyingi inatosha kabisa. Cat6 hufikia gigabiti 10, lakini kwa umbali wa mita 55 hivi tu, ilhali Cat6A hufikisha kasi hiyo mita 100. Maandishi peke yake hayaaminiki, kwani sokoni zimejaa kebo za aluminiamu iliyopakwa shaba. Hizo ni nyepesi, hukatika upesi zikikunjwa, na ukikwangua ncha kwa kisu ndani hung'aa rangi ya fedha. Viwango havizitambui.

Udhaifu wa kebo hizo huwa hatari zaidi waya unapobeba umeme pamoja na data. Utaratibu huo, uliowekewa kanuni mwaka 2003 kwa wati 15.4 kwa kila tundu, ulipanda hadi wati 30 mwaka 2009 na wati 90 mwaka 2018. Kamera iliyoko getini haihitaji soketi ya umeme; waya mmoja unaitosha. Lakini aluminiamu hupinga umeme zaidi kuliko shaba, hivyo kebo hupata joto, hasa zikifungwa fungu moja ndani ya bomba.

Wapo wanaoona waifai imeondoa haja ya haya yote. Lakini mawimbi yake hudhoofishwa na zege na matofali, na katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, zenye kuta nene za mawe ya matumbawe, chumba cha pili tu hupata shida. Dawa ni kuweka kirusha mawimbi kila ghorofa, na kila kirushaji huhitaji waya. Mikongo ya baharini iliyofika Mombasa na Dar es Salaam kuanzia mwaka 2009 iliongeza sana kasi ya intaneti, lakini kasi hiyo mara nyingi huishia sebuleni.

Kati ya jengo na jengo, shaba si chaguo zuri. Radi ikipiga karibu, waya unaounganisha majengo mawili yenye nyaya za ardhini tofauti huwa njia ya umeme kupita na kuunguza swichi za pande zote mbili. Shule, hospitali na hoteli zilizo kandokando ya Ziwa Viktoria, moja ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, zinahitaji kutumia faiba katika njia hizo. Faiba ya kioo haipitishi umeme, na kikomo cha mita 100 hakiihusu.

Kwa nyumba, wakati muafaka ni kabla ya kupiga lipu. Mabomba ya plastiki hulazwa ukutani na kuachiwa kamba ndani ya kuvutia waya baadaye; hata mwenye fedha kidogo anaweza kuweka mabomba sasa na kebo akiwa tayari. Mahali pa kufikiria ni nyuma ya televisheni, meza ya kusomea, dari la korido kwa ajili ya waifai, na getini. Bomba la mtandao halichanganywi na la umeme wa kawaida, na pakilazimu kupishana, yakatane kwa pembe mraba.

Kwa ofisi, kazi haijaisha waya unapofika kwenye soketi. Kila njia hupimwa kwa kifaa maalumu kinachoonyesha urefu, mpangilio wa jozi na kelele. Kijipimio kidogo cha taa nane huonyesha tu kwamba nyaya hazijakatika wala kupishana. Namba ileile huandikwa kwenye soketi na kwenye paneli, na mteja hukabidhiwa mchoro wa jengo pamoja na matokeo ya vipimo kabla ya kumaliza malipo. Bila mchoro, fundi anayefuata atakayeitwa kwa sababu mashine ya keshia imepoteza mtandao atalazimika kuchomoa waya mmoja mmoja huku foleni ikisubiri.