Maziwa Hayachachi Ghafla

Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, mpokeaji haridhiki na kunusa ndoo. Huchota maziwa kidogo, akayatia kwenye kichupa cha kioo pamoja na kiasi kilekile cha spiriti, akatikisa, kisha akatazama. Akiona chembechembe zimeshika kwenye kioo, ni dalili kwamba maziwa yameanza kuchacha, na hayapokelewi, hata mfugaji akiapa kwamba ameyaonja na ni matamu. Na mara nyingi mfugaji hasemi uongo.

Kinachoficha uchachu huo ni bafa, yaani mchanganyiko wa tindikali hafifu na chumvi yake, ambao huikamata tindikali inayoingia ili kipimo cha pH kisishuke haraka. Maziwa mabichi yana pH ya 6.6 hadi 6.8. Bakteria wanapogeuza sukari yake kuwa tindikali ya laktiki, fosfeti, sitreti na protini ya kaseini huidaka sehemu kubwa ya tindikali hiyo, na ulimi haung'amui kitu. Lakini akiba hiyo ina mwisho. Inavyopungua ndivyo pH inavyoteremka, na ikikaribia 4.6 kaseini huganda, tukapata mtindi.

Damu nayo ina bafa, tena mipaka yake ni finyu mno: pH 7.35 hadi 7.45. Bafa yake kuu ni bikaboneti, ambayo ikikutana na tindikali hutoa maji na kabonidayoksaidi. Hapo ndipo mwili unapoipita ndoo ya maziwa kwa mbali, kwa sababu mapafu huitoa hewa hiyo nje na figo hutengeneza bikaboneti nyingine.

Mtoto anayeharisha sana hapotezi maji na chumvi peke yake. Bikaboneti nayo humtoka, damu ikaelekea kwenye tindikali, naye akaanza kuhema haraka na kwa kina. Kuhema huko ni rahisi kudhaniwa nimonia, kumbe mapafu yanahangaika kufidia kilichopotea tumboni.

Ndiyo maana ORS, yaani dawa ya pakiti ya kurudisha maji na chumvi mwilini, kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 2.9 za chumvi ya sitreti katika kila lita, ambayo mwili huigeuza kuwa bikaboneti. Maji ya sukari na chumvi tunayochanganya nyumbani hayana kitu hicho. Yanafaa pale ambapo pakiti haipo. Ikiwapo, tumia pakiti, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake. Na mtoto anayehema namna hiyo apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, huku akiendelea kunyweshwa njiani.