Makala yanayoungua bure



Ukurasa huu umezoea kukukumbusha habari za kofia ya kazi, za mabuti na za taa ya kichwani. Leo tuache shimo kidogo, tuingie nyumbani kwako, karibu na mbabula. Usifikiri kwamba ukivua nguo za kazi hatari imebaki mgodini.

Wewe unayekaa Saio unajua mvua kubwa inavyopiga mabati usiku. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1.200, na mvua ikipita baridi inaingia chini ya mlango. Wengi wanajua dawa moja tu. Mbabula iliyopikia bugali inachukuliwa na makala yake mekundu, inawekwa katikati ya chumba, mlango unafungwa, na nguo ya zamani inasukumwa chini yake ili joto lisitoke. Watoto wanalala vizuri. Kila mtu anaona ni akili: makala yalikwisha kununuliwa, kwa nini yapotee?

Katika nyumba moja ya kartye hii mambo yalienda hivyo. Wenyewe hawapendi nitaje jina lao. Baba alikuwa kwenye zamu ya usiku. Aliporudi alfajiri alipiga hodi, hakuna aliyejibu. Alisukuma mlango. Mama alikuwa macho, lakini miguu haikumbeba na kichwa kilikuwa kinampasuka. Mtoto mkubwa alikuwa ametapika. Mdogo alilala kama mlevi, unamwita haamki. Chumbani hakukuwa na moshi wala harufu yoyote.

Baba yule anafanya kazi ya baruti. Hakupoteza hata dakika moja kuuliza nani amewaloga. Alifungua mlango na dirisha, akamtoa mdogo nje kwanza, halafu mkubwa, halafu mama, na mwisho mbabula yenyewe. Majirani walileta pikipiki, wakaenda hospitali. Wote walipona. Nilipomuuliza alijuaje, alinijibu kwamba alijua kwa sababu ya yale aliyofundishwa juma lake la kwanza la kazi: baruti ikishalipuka, mtu haingii shimoni mpaka hewa mbaya imeondolewa.

Ni kweli kabisa. Ndani ya moshi wa baruti mna hewa ya sumu inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Na hiyohiyo inatoka kwenye makala yako. Watu wanaogopa mbabula inayotoa moshi, wanaikaribisha ile yenye makala mekundu yasiyo na moshi, wakidhani imekuwa safi. Sivyo. Makala mekundu ndiyo yanayoitoa hewa hiyo kwa wingi. Ikiingia mapafuni inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya hewa nzuri zaidi ya mara 200, na damu inazunguka mwilini bila kubeba kitu cha kukufaa. Kwanza kichwa kinauma, halafu kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea, usingizi. Aliyekwisha kulala hasikii hata dalili hizo.

Kwa hiyo shika sheria moja ya kwanza: mahali watu wanapolala, mbabula haiingii, hata kama mvua inanyesha namna gani. Ukimkuta mtu katika hali ile, fungua, mtoe nje kwenye hewa, mpeleke hospitali upesi hata kama ameanza kusema. Usimpe maziwa, usimwagie maji, usingoje kuche.

Sasa tuseme habari ya franka, maana najua ndipo masikio yatasimama.

Makala ya Bunia ni miti iliyokatwa mbali na kuletwa kwa lori, kwa pikipiki, kwa baiskeli ya mtu anayesukuma kilima kizima. Katika tanuru la udongo, kilo moja ya makala imekula kilo saba mpaka kumi za miti. Barabara ikifungwa kwa sababu ya vita, bei ya mfuko inapanda siku hiyohiyo. Hilo mama wa nyumba analijua kabla ya redio. Na wale waliokimbia vijiji vyao wanajua kwamba kwenda kutafuta kuni porini kunaweza kumgharimu mwanamke zaidi ya franka. Basi kila kopo la makala unalolitumia lilikuja kwako kwa jasho la watu wengi. Je, unajua kiasi gani cha makala hayo kinapika chakula, na kiasi gani kinapasha hewa ya uwanja?

Fanya jaribio mwenyewe. Simama kando ya mbabula ya chuma cheupe ambayo sufuria imekwisha kuchemka juu yake. Weka mkono karibu na ubavu wake, bila kugusa. Joto lote unalolisikia mkononi umelinunua, na haliingii katika maharagi. Moto wa mafiga matatu uliowashwa kwenye upepo ni mbaya zaidi: kati ya sehemu kumi za joto, sufuria inapata moja tu au moja na nusu. Ndiyo sababu mafundi wa Kenya, katika miaka ya 1980, walianza kutengeneza jiko la bati lenye tumbo la udongo wa kuchomwa ndani yake. Udongo unalizuia joto lisikimbie ubavuni na kulirudisha juu kwenye sufuria. Huko Goma jiko la namna hiyo limejulikana kwa jina la Jiko Nguvu. Mbabula ya udongo iliyotengenezwa vizuri inaweza kukupunguzia robo ya makala, na mara nyingine zaidi. Ukiinunua, angalia mambo mawili: tumbo la udongo lisiwe na ufa, na sufuria yako ikae karibu na makala, siyo kuning'inia juu sana.

Lakini simtaki mtu aseme: sina franka za mbabula mpya, basi habari hii si yangu. Mambo makubwa zaidi hayanunuliwi.

Chukua maharagi, ambayo ndiyo adui mkubwa wa mfuko wa makala. Hapa Bunia maji yanachemka kwenye digri 96 hivi, siyo 100 kama kule Mombasa kando ya bahari. Kwa hiyo maharagi yetu yanachelewa kuiva kuliko ya watu wa pwani, hata moto uwe mkali namna gani. Na hapa ndipo kosa linapofanyika. Mama anaona hayajaiva, anaongeza makala, maji yanaruka kama yamekasirika. Maji yanayoruka hayana joto kupita yale yanayochemka polepole. Tofauti yake ni mvuke tu. Kuigeuza lita moja kuwa mvuke kunakula joto kama mara saba ya lile lililoichemsha tangu ilipotoka mtungini ikiwa baridi. Unanunua makala ili kutengeneza mawingu! Chakula kikishachemka, funga mlango wa mbabula au punguza makala, funika sufuria, ukae.

Maharagi yaloweke tangu jioni. Maji ya kulowekea yamwagwe, uweke mengine. Asubuhi yachemshe kwa nguvu dakika kumi kamili, kisha endelea kwa moto mdogo mpaka yamelainika nusu. Hapo unaweza kuondoa moto kabisa. Chukua kikapu kikubwa, tandika ndani majani makavu ya ndizi, au nguo kuukuu, au blanketi iliyochakaa, unene wa shibiri moja chini na pembeni. Ingiza sufuria ikiwa bado inachemka na mfuniko wake, juu yake weka mto wa nguo, ufunge. Usifungue kuchungulia. Joto lililomo ndani linaendelea kupika saa tatu, saa nne, wala hakuna makala. Nyakati za mchana mama anaweza kwenda shambani au sokoni, na hakuna mtoto atakayeangukia moto. Ukifungua, rudisha sufuria jikoni ichemke tena kabla ya kula, usalama wa tumbo nao ni usalama. Nilicheka nilipoonyeshwa kikapu hicho mara ya kwanza, nikasema huu ni ulozi wa wazungu. Sasa nyumbani kwangu mchele haupikwi namna nyingine.

Wenye kupikia kuni, zikate ndogo na mzikaushe chini ya paa. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu nzima ni maji, na moto unapoteza kazi kuyafukuza maji hayo kabla ya kupika chochote. Unalipa maji kwa bei ya kuni, halafu unalipwa moshi.

Moshi huo usiuchukue kama jambo la macho kuwasha tu. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu kama milioni 3,2 duniani, na katika hao watoto wa chini ya miaka mitano walipita 237.000. Wengi wa watoto huuawa na ugonjwa wa mapafu. Na wewe mwenyewe, baba, fikiri: mchana unavuta vumbi la jiwe. Vumbi hilo linaacha makovu mapafuni na kumfungulia njia kifua kikuu. Kazini tunakupigia kelele umwagie maji mwamba kabla ya kutoboa na uvae kifuniko cha pua. Jioni unakaa katika jiko lisilo na dirisha, na mapafu yaleyale yanaanza zamu ya pili. Hakuna kifuniko cha pua kwa ajili ya zamu hiyo. Kuna paa dogo nje, lenye ukuta mmoja upande upepo unakotoka, mama apike hapo hata mvua ikinyesha. Siku moja ya mapumziko inatosha kulijenga, ukiwa na miti minne na bati moja kuukuu.

Kuhusu umeme nitasema machache, kwa kuwa si kila nyumba inao. Mitambo ya Budana, kwenye mto Shari, ilijengwa zamani za Wabelgiji kwa ajili ya machimbo ya dhahabu ya Kilo, na Bunia nayo imepata umeme kutoka huko. Resho moja ya umeme ya wati 1.000 inakula sawasawa na ampuli za LED zaidi ya mia moja za wati 9. Ukiwa na umeme mdogo, uutumie kwa mwanga kwanza. Ampuli ya zamani ya wati 60 inatoa mwanga kama ule wa LED ya wati 9, na joto linalobaki linakwenda darini. Mtoto anayesoma kwa taa ya utambi anavuta moshi akiwa ameinamia daftari. Hata taa ndogo ya jua inamfaa kuliko hiyo. Tena usiunganishe waya kwa jirani kwa kuufunga na plastiki. Hilo tumekwisha liandika mara nyingi.

Imebaki baridi, maana baridi ndiyo iliyoleta mbabula chumbani. Nyumba ya mabati bila dari inakupika saa saba mchana na kukugandisha saa tisa usiku. Dari ya mikeka au ya mifuko iliyoshonwa pamoja na kupakwa chokaa inaleta tofauti kubwa, na chokaa hiyo inaongeza mwanga. Ziba nyufa za ukuta kwa udongo. Ukuta wa tofali za udongo unatunza joto la jua na kulirudisha polepole usiku. Lakini acha matundu ya hewa juu, karibu na paa, na usiyazibe. Nyumba iliyozibwa vizuri na kuwekewa moto ndani ni mbaya kuliko ile yenye nyufa.

Na yale makala mekundu yaliyobaki baada ya bugali, tufanye nini nayo? Mama wa nyumba ile niliyoisema ana mkebe mkubwa wa maziwa ya unga, wenye mfuniko unaobana. Anauweka nje, juu ya jiwe, mbali na ukuta na mbali na watoto. Wakishakula anayachota makala kwa koleo, anayatia mkebeni, anafunika. Hewa ikikosekana yanazimika yenyewe, hayageuki majivu. Asubuhi anayatoa yakiwa meusi na makavu, yanashika moto upesi kuliko mapya, na anachemshia chai ya baba anayerudi kutoka zamu.