Donge kwenye kovu au kitovu: wakati si jipu la kawaida

Saratani ya utumbo mpana hujulikana zaidi kwa dalili za tumboni: damu kwenye choo, kufunga choo au kuendesha kusikoisha, maumivu ya tumbo na kupungua uzito. Kwa wagonjwa wachache, hata hivyo, saratani hiyo huenea hadi kwenye ngozi. Huko huonekana kama jipu, kovu lililovimba au donge dogo gumu. Kwa kuwa mara nyingi haliumi, mgonjwa hulipaka dawa na kungoja, na miezi hupita.

Hufikaje kwenye ngozi?

Saratani hii huanza katika ukuta wa ndani wa utumbo mpana, mara nyingi kutokana na vinyama vidogo vinavyokua polepole kwa miaka. Isipogunduliwa mapema, chembechembe zake husafiri kupitia damu na mishipa ya limfu. Mara nyingi hutua kwenye ini, mapafu na utando wa ndani wa tumbo. Kufika kwenye ngozi ni nadra: hutajwa kwa wagonjwa takriban 2 hadi 6 kati ya kila 100 wenye saratani hii.

Donge la aina hii si saratani ya ngozi. Likipimwa kwenye maabara, chembechembe zake hufanana na zile za utumbo. Ndiyo maana matibabu yake hufuata saratani ya utumbo, wala si ugonjwa wa ngozi.

Huonekana wapi?

Sehemu ya kawaida zaidi ni ngozi ya tumbo, hasa kwenye kovu la upasuaji au karibu nalo. Mara chache hutokea kichwani, usoni, kifuani, mgongoni, kinenani au karibu na njia ya haja kubwa.

Donge likitokea kitovuni, madaktari huliita donge la Sista Mary Joseph. Mary Joseph Dempsey alikuwa mtawa na muuguzi katika hospitali ya St. Mary's mjini Rochester, Marekani, na alimsaidia daktari William Mayo katika upasuaji. Alipokuwa akiwatayarisha wagonjwa, aligundua kwamba baadhi ya waliokuwa na saratani ndani ya tumbo walikuwa pia na donge gumu kitovuni. Mayo aliandika kuhusu hali hiyo mwaka 1928, na mwaka 1949 daktari Hamilton Bailey wa Uingereza akaipa jina la sista huyo. Si saratani ya utumbo mpana pekee inayofika kitovuni. Ya tumbo, ya kongosho na ya ovari pia hufika huko.

Aliyeliona donge hilo kwanza ni mtu aliyemhudumia mgonjwa kwa karibu. Vivyo hivyo nyumbani, anayemwogesha au kumfunga mgonjwa bendeji anaweza kuwa wa kwanza kuona badiliko.

Tofauti na jipu

Jipu huuma, huwa na joto, hutunga usaha na kwa kawaida hupona katika wiki chache. Henia ya kitovu mara nyingi hurudi ndani mtu akilala. Donge la kutiliwa shaka huwa na baadhi ya dalili hizi:

- ni gumu na halisogei kwa urahisi;
- halipungui baada ya wiki tatu, au linaendelea kukua;
- yanaongezeka mengine karibu nalo;
- limepasuka na kuwa kidonda kisichopona;
- limetokea kwenye kovu lililokuwa limepona.

Kwenye ngozi nyeusi, wekundu huenda usionekane. Donge linaweza kuwa na rangi ya ngozi yenyewe au kuwa jeusi zaidi, hivyo ni vyema kulipapasa, si kulitazama tu.

Madonge mengi ya ngozi si saratani. Lakini hakuna anayeweza kuwa na uhakika kwa kutazama tu. Jibu hutolewa na baiopsi, yaani kukata kipande kidogo cha donge na kukipima maabara.

Nani awe macho zaidi?

Wa kwanza ni mtu aliyewahi kutibiwa saratani ya utumbo mpana, hasa katika miaka miwili au mitatu baada ya upasuaji, hata kama anajihisi mzima. Wa pili ni mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana saratani lakini ana donge lisilopona pamoja na damu kwenye choo, upungufu wa damu au kukonda bila sababu. Kwa baadhi ya watu, ngozi ndiyo hutoa ishara ya kwanza.

Hatua za kuchukua

Donge lisikamuliwe, lisichomwe wala kupasuliwa kwa wembe. Mgonjwa afike katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu akiwa na karatasi zote za matibabu ya awali, na aeleze wazi kwamba aliwahi kuwa na saratani. Akipewa dawa za jipu na donge lisipungue baada ya kuzimaliza, arudi na kuomba rufaa ili lipimwe. Anayehitaji kujisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) anaweza kubonyeza *147# kwenye simu.

Ikithibitishwa ni saratani, mara nyingi inamaanisha ugonjwa umeenea pia mahali pengine, na mgonjwa hupigwa picha za ndani ya mwili. Hali hii ni nzito, lakini haimaanishi hakuna la kufanya. Donge linaweza kukatwa, kutibiwa kwa mionzi au kwa dawa za saratani. Hata pale kupona kabisa kusikowezekana, kuna dawa za kutuliza maumivu na kupunguza harufu ya kidonda, na familia hupata muda wa kupanga mambo yake.

Saratani haiambukizi. Kumwosha mgonjwa, kula naye au kulala chumba kimoja naye hakuna hatari. Asitengwe.

Kabla haijaenea

Saratani ya utumbo mpana ikigunduliwa mapema hutibika vizuri. Damu kwenye choo isidhaniwe kuwa bawasiri kabla ya kupimwa. Wakazi wenye umri wa miaka 45 na zaidi, na wale ambao mzazi au ndugu yao aliugua saratani hii, wamuulize mhudumu wa afya kuhusu kipimo cha choo na uchunguzi wa utumbo kwa kamera.