Kikulacho Ki Garini Mwako: Betri Isiyokaa na Chaji



Saa nane za usiku mwanangu wa pili alishikwa na pumu. Baba yake alimbeba hadi garini, nami nikakaa nyuma nimempakata. Ufunguo ulipozungushwa, gari lilitoa mlio wa tik-tik, taa za dashibodi zikafifia, kisha kimya. Betri ile ilikuwa haijatimiza mwezi tangu inunuliwe. Jirani yetu hapa Shanzu aliamka akatupeleka kwa gari lake, na mtoto, alhamdulillahi, akapata nafuu. Lakini tangu usiku ule nilikata shauri kuujua ugonjwa wa gari letu, ingawa mimi si fundi.

Ushauri tuliokuwa tukipewa ulikuwa mmoja: “Betri imekufa, nunueni nyingine.” Tulinunua, na hiyo mpya nayo ikawa yazimika kila gari likilala siku tatu. Basi fedha za nyumba zikawa zinakwenda, na maradhi yako pale pale.

Betri ni kama mtungi wa maji. Ukiukuta mtupu asubuhi, sababu ni mojawapo ya tatu: haujazwi, una ufa, au kuna anayechota usiku. Ni israfu kununua mtungi mpya kabla ya kujua ni ipi.

Kabla ya yote, tazama vichwa vya betri. Hewa yetu ya chumvi huharakisha kutu, na ule unga mweupe au wa kijani unaoota pale huzuia umeme kupita. Zima gari, vua pete na bangili, maana dhahabu ikigusa vichwa viwili kwa pamoja huunguza mkono papo hapo. Vaa glovu na usikaribishe moto, kwani betri hutoa gesi inayolipuka. Fungua kwanza waya wa hasi, wenye alama ya kutoa, kisha wa chanya. Sugua kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa soda ya kuokea, ukaushe, kisha urudishe chanya kwanza na hasi mwisho, na uzikaze barabara.

Sasa tuulize: je, mtungi unajazwa? Hapa yahitajika mita ndogo ya umeme, ambayo kila fundi umeme wa magari anayo. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 ni karibu tupu. Kisha washa injini. Kwa magari mengi mita hupanda hadi kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 13, alteneta haichaji, au mkanda wake umelegea. Ikipita 15, alteneta yachaji kupita kiasi na yachemsha maji ya betri.

Hata alteneta nzima huhitaji muda. Mwenye kutoka Shanzu kwenda Mtwapa sokoni na kurudi, huku kiyoyozi na taa vinawaka, huenda asirudishe umeme uliotumika kuwashia injini. Safari ndefu kidogo mara moja kwa wiki husaidia.

Swali la pili: je, mtungi una ufa? Chaji betri mpaka ijae, ufungue waya wa hasi, uiache siku mbili. Ikishuka sana ilhali haikuunganishwa na chochote, ugonjwa ni wake. Ikibaki imejaa, basi betri ni nzima, na mwenye kuchota yumo garini.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Fundi alifungua waya wa hasi akaweka mita ya ampea kati ya waya huo na betri. Milango ilifungwa, ufunguo ukatolewa, tukangoja nusu saa, kwa kuwa vyombo vya magari ya siku hizi huchukua muda kutulia. Gari lililolala halifai kutumia zaidi ya ampea 0.05 hivi. Letu lilikuwa likitumia 0.45. Kwa siku moja hizo ni karibu ampea-saa 11, na betri yetu ni ya ampea-saa 45. Kwa siku tatu, zaidi ya thuluthi mbili imekwisha.

Fundi akang'oa fyuzi moja moja. Alipoitoa ya redio, mita ikashuka. Aliyetufungia redio ile alikuwa ameunganisha waya wake mahali penye umeme wakati wote. Dawa ilikuwa kuuhamisha waya mmoja. Kwa wengine mchotaji huwa taa ya buti isiyozimika, alamu, au kifaa cha kufuatilia gari.

Kuchelewa kumtafuta kuna hasara nyingine. Betri inayoachwa tupu huota chembe ngumu juu ya bamba zake za risasi, na kila mara uwezo wake hupungua. Joto la pwani nalo huichakaza mapema. Hivyo betri yetu mpya ilikuwa ikiuawa kama ile ya kwanza.

Na betri iliyotupwa huenda wapi? Sisi wa Mombasa tunalo jibu karibu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijengwa ubavuni mwa kijiji cha Owino Uhuru, Mikindani, na risasi ikaingia katika damu za watoto. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe pia alipatikana na risasi, aliongoza kilio cha wanakijiji, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020. Mahakama ya Rufaa ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Risasi haina kiwango salama kwa mtoto, na huharibu akili inayokua. Kwa hiyo betri iliyokufa kweli irudishwe kwa muuzaji anayezipokea. Isiachwe uani watoto wakaichezea, wala asidi yake isimwagwe ardhini. Na ile isiyokufa isihukumiwe bila kupimwa.

Gari letu sasa hulala hata wiki nzima likawaka kwa mara moja. Hata hivyo, kila Ijumaa kabla ya kulala naipima betri. Pumu haibishi hodi.