Fahamu: Kwa nini kukagua picha na sauti pekee hakutoshi tena

Januari 2024, wapiga kura wa New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu yenye sauti ya Rais Joe Biden ikiwahimiza wasishiriki kura ya mchujo. Sauti hiyo ilitengenezwa kwa akili mnemba.

Tulizoea kutafuta dosari: vidole sita kwenye picha, tahajia mbovu. Dosari hizo zinazidi kutoweka.

Tufanyeje? Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi na wahakiki wa habari katika kutathmini tovuti. Wahakiki waliwashinda wote: waliiacha tovuti mapema, wakatafuta kwingine kuona inasemwaje.

Kabla ya kusambaza, uliza: nani kasema? Nani mwingine kathibitisha? Ukikosa jibu, usisambaze. Uongo hufa ukikosa wa kuubeba.